Zamu ya Tatu

Mama,
leo tumefika ghorofa ya nne ya jengo namba kumi na tisa,
lile la paneli zenu.
Hatulivunji. Neno hilo msimamizi Siegmar kalipiga marufuku
tangu asubuhi ya kwanza: "Mnafumua," alisema,
"kama sweta iliyombana mtoto.
Uzi ubaki uzi."

Basi tunafumua.
Kwanza milango, bawaba, swichi, vitasa vya shaba bandia,
kisha karatasi za ukutani, tabaka juu ya tabaka:
maua ya rangi ya chungwa, mistari ya kahawia,
na chini kabisa gazeti lenye bei ya viazi.
Mbao kwake. Vioo kwake. Lami kwake, kwa glavu.
Vumbi ni mgeni asiyeaga:
limo kwenye chai, limo kwenye kope,
nimelipeleka nyumbani, nimelilalia.

Halafu msumeno wa almasi. Maji. Kelele
usiyoisikia kwa masikio bali kwa magego.
Mishono ya zege inaachia,
na ukuta wa tani tatu unaning'inia juu ya Schwedt,
dirisha lake wazi,
kama mtoto aliyebebwa usingizini
asijue anahamishwa.

Ghiyath ndiye anayenyoosha nondo.
Katoka Aleppo; kazi hii kaijua huko, bila mkataba.
Anasema walizinyoosha kwa nyundo juu ya jiwe,
wakaziuza kwa kilo,
na aliyenunua hakuuliza zilishika chumba cha nani.
Hapa ipo mashine. Yeye bado hupitisha kidole gumba
kwenye kila nondo, polepole,
mpaka aridhike.

Kuta njema zinakwenda kwa chama cha mitumbwi,
ng'ambo ya mfereji. Sebule ya akina Pohlenz
itakuwa banda la makasia.
Tunaambiwa usipoziba ufa utajenga ukuta.
Sawa. Ila hakuna aliyesema
ukuta ukishakosa watu uende wapi.

Sasa hili, Mama.
Kila paneli ina mhuri pembeni: mwezi, mwaka, zamu.
Tumekuta saba za zamu ya tatu, Novemba sabini na sita.
Zamu yako. Niliufuta mhuri kwa kiganja,
nikasimama pale kama mtu aliyeona jina lake
ndani ya barua ya mwingine.

Watu wa maabara walitoboa, wakachomoa kipande cha duara
kinene kama kopo la maharage,
wakakibana kwenye mashine.
Zamu ya kwanza: imara. Ya pili: imara kuliko ilivyoandikwa.
Ya tatu ilikohoa mara moja, ikawa unga.
Binti wa maabara akaandika namba, akasema,
"Hawa walibania saruji."
Nikainama kufunga kamba ya buti
ambayo haikuwa imefunguka.

Maana najua saruji ilikokwenda.
Ilitoka kidogo kidogo, kwenye mkoba wa chakula,
na Baba akamwaga sakafu ya kibanda cha bustanini, usiku,
nami, wa miaka minne, nikaambiwa
nishike tochi, na nishike ulimi.
Sakafu ile haina ufa hadi leo.
Jumapili nilikwenda kuigonga kwa kisigino.
Kisigino ndicho kilichouma.

Zile saba zako zimeingia kwenye taya.
Sikugeuza uso. Zikawa mawe, zikawa kokoto,
sumaku ikachambua vyuma kama miiba ya samaki,
chekeche likagawa: nene, wastani, vumbi.
Zimetandazwa chini ya njia mpya ya baiskeli,
ile iendayo mtoni.

Nilikueleza yote haya
umeshika kikombe kwa mikono miwili,
muuguzi akipanga vidonge mezani.
Nilidhani utalia, au utakana.
Uliuliza jambo moja tu,
kwa ile sauti ya kiwandani niliyokwisha kuisahau:
"Na inatitia?"

Haititii, Mama.
Jana lori la maziwa lilipotea njia, likapita juu yake.
Halikuacha hata alama.